Kigoma, kwa Wauguzi wa Mwambao

Treni ya reli ya kati ikishatoka Tabora, nchi hubadilika polepole. Miombo ya Urambo na Kaliua huisha, mabwawa ya Malagarasi hupita, Uvinza ya chumvi hupita, kisha michikichi huanza kuonekana huku na huku. Hapo ndipo mama aliyekaa mbele yangu tangu Dodoma, ambaye njia nzima aliniita mwanangu na kunilazimisha nile mihogo yake, alipochungulia dirishani akashusha pumzi. Alikuwa anarudi nyumbani Mwandiga. Binti yake wa pili amekaribia siku zake.

"Nikichelewa atajifungua na nani?" aliniuliza. "Lazima niingie naye leba."

Alilisema kwa wepisi, kama jambo ambalo halina mjadala. Katika hospitali nilizozizoea mimi, mzazi akishaingia leba ndugu hubaki kwenye benchi. Hukabidhi beseni, khanga na glavu mlangoni, kisha husubiri. Mlango ukifunguliwa, wote husimama. Maamuzi yanayofanyika ndani, kwamba awekewe dripu ya uchungu au asiwekewe, aongezewe njia au aachwe, apasuliwe au asubiriwe, huwafikia yakiwa yameshapita. Na mwanamke mwenyewe, aliye peke yake katikati ya uchungu, ni nadra apate nguvu ya kuuliza swali la pili.

Kigoma walijaribu njia nyingine, na hilo ndilo lililonipandisha treni kwenda mkoa huo kwa mara ya kwanza. Kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Kitanzania la Thamini Uhai, likishirikiana na Serikali na shirika la Vital Strategies, liliviandaa vituo 9 vya mkoa huo viwaruhusu wanawake kuingia leba na mtu wanayemchagua wenyewe. Mara nyingi ni mama mzazi, dada, wifi au mama mkwe. Ndani ya mwaka huo wa 2018, Shirika la Afya Duniani nalo likatoa miongozo ya uzazi inayosema kila mwanamke anayejifungua awe na mwenza anayemtaka. Kigoma walikuwa wameshaanza.

Halikuwa jambo la kwanza kubwa kufanyika huko. Tangu mwaka 2006 mkoa huu ulikuwa miongoni mwa ile michache ambako vituo vya afya vilianza kuwekewa vyumba vya upasuaji kwa fedha za wafadhili. Madaktari wasaidizi walifundishwa upasuaji wa dharura wa uzazi, na wauguzi wakafundishwa kutoa dawa za usingizi. Muuguzi wa usingizi ndiye mtu wa mwisho kuzungumza na mgonjwa kabla kisu hakijagusa mwili. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu nilipolielewa. Mgonjwa akitaka kusema "ngoja kwanza", sikio lililo karibu ni la huyo.

Reli iliingia Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kituo walichojenga Wajerumani bado kinamtazama anayeshuka. Ukitoka nje unaliona ziwa hapo hapo. Nilikuwa nimeambiwa ni kubwa, lakini sikujua kwamba mtu aliyezaliwa pwani anaweza kusimama Kigoma na kuhisi yuko baharini, mpaka akumbuke kwamba hakuna harufu ya chumvi. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470. Upande wa pili ni milima ya Kongo, na asubuhi yenye anga safi unaiona yote.

Kabla ya kwenda mwambao wa ziwa nilipita Ujiji. Nilitaka kuiona miembe yake na kutembea kwenye mitaa ambayo wazee wake wana asili ya Umanyema, ng'ambo ya ziwa, na ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya soko muda mrefu kabla ya reli. Mgeni yeyote hupelekwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi nilikaa zaidi na safari ya nyuma ya hapo. Livingstone aliingia Ujiji kwa mara ya kwanza Machi 1869 akiwa amebebwa, mgonjwa wa kifua, kikohozi na homa, hajiwezi. Alikuwa daktari, lakini sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea njiani mwaka 1867. Aliyempa dawa na kupanga abebwe mpaka ziwani ni mfanyabiashara wa misafara, Mohamed bin Gharib. Daktari mzima, mwenye elimu yote ya Glasgow, ilibidi awekwe mikononi mwa watu wengine waamue lini anyanyuliwe, lini apumzishwe, anywe nini. Ugonjwa humfanya hivyo mtu yeyote. Jambo la kuuliza ni nani aliye kando yake, na kama anamsikiliza.

Kutoka Kibirizi boti za abiria huelekea kaskazini zikiwa zimesheheni magodoro, kreti za soda, mapipa ya mafuta, mchele, kuku na watu. Niliwekwa katikati, juu ya gunia, na bibi mmoja akanifunika kitenge chake mawimbi yalipoanza kurusha maji. Tulipita chini ya misitu ya Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960 kuwatazama sokwe. Vijiji vya huku vimebanwa kati ya maji na mlima. Nyumba zimepanda mteremko, dagaa zimeanikwa kwenye mchanga, na barabara ya maana ni ziwa lenyewe. Mwisho wa mwambao huu, mpakani na Burundi, ni Kagunga. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana pale na kipindupindu kikaingia, mpaka meli ya Liemba, iliyounganishwa Kigoma mwaka 1915, ikawa inawatoa kwa awamu. Wauguzi wa mwambao waliofanya kazi wakati ule wanaukumbuka kwa jina la kijiji tu. Wakisema "wakati wa Kagunga", kila mtu anaelewa.

Kituo nilichofikia sitakitaja, wala sitamtaja muuguzi mkunga aliyenipokea. Ni mama wa makamo, mzaliwa wa Kasulu, na kijiji kizima humwita Sista. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia niache begi ofisini, ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, na nikae pale tu ambapo mzazi mwenyewe atakubali nikae. Alikwenda kumuuliza. Nilisikia sauti ya mwanamke ikijibu kwa Kiha, kisha kicheko kifupi. Sista akarudi. "Amesema ukae, lakini upande wa kichwani. Na usiandike jina lake."

Leba yenyewe ni chumba chenye vitanda viwili na pazia la kijani katikati. Kando ya kitanda palikuwa na stuli, na juu ya stuli mama mkwe, khanga imefungwa kifuani, chupa ya chai miguuni. Kila baada ya nusu saa Sista aliinama, akaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, sikio lake upande wa pili, macho kwenye saa. Mkono uliokuwa huru aliuweka juu ya mkono wa mama mkwe na kidole chake kikawa kinagonga pale, taratibu na kwa usawa, kadiri anavyosikia. Mama mkwe alikuwa anausikia moyo wa mjukuu wake kwa ngozi. Sista akishamaliza, alimwambia mzazi kwa Kiha alichokisikia, halafu akamweleza mama mkwe. Kila mara mzazi ndiye aliyeambiwa kwanza.

Baadaye nilimuuliza kwa nini anafuata mpangilio huo. Akasema: "Ukianza na mama mkwe, uamuzi ni wa mama mkwe. Ukianza na mzazi, mama mkwe anakuwa shahidi."

Karatasi aliyokuwa anaijaza ni chati ya uchungu, na ningependa kila raia aijue, kwa sababu asili yake ni safari kama za huku. Ilitokana na kazi ya madaktari Philpott na Castle mjini Harare, ulioitwa Salisbury wakati huo, walioichapisha mwaka 1972. Walitaka mkunga aliye kwenye zahanati ya mbali, bila daktari, aweze kujua kwa macho yake kwamba uchungu umekwama. Chati ina mistari miwili ya mshazari. Ule wa kwanza ni wa tahadhari. Ule wa pili, ulio saa 4 mbele, ni wa kuchukua hatua. Nafasi ya katikati iliachwa makusudi, ni muda wa kumsafirisha mama. Kwa hiyo kalamu ya muuguzi ikigusa mstari wa kwanza, saa za boti zimeanza kuhesabiwa.

Kwenye simu nilikuwa na picha ya mwongozo mpya uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 kuchukua nafasi ya chati hiyo. Wakunga wa Tanzania walikuwa miongoni mwa walioujaribu. Una mstari wa kuandika kama mzazi ana mwenza, au amemkataa. Na chini kabisa una sehemu ya uamuzi uliofanywa kwa pamoja na mwanamke mwenyewe. Sista aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ile sehemu ya chini ikajaa kioo, akaisoma kimya, akaisoma tena.

"Hiki," alisema, "ndicho tulichokuwa tunaandika pembeni, penye nafasi."

Jioni, kwenye baraza, alinisimulia kisa kimoja cha uamuzi wa namna hiyo.

Alikuwa msichana wa mimba ya kwanza. Njia ilifunguka sentimita sita ikasimama. Kalamu ikavuka mstari wa kwanza usiku, upepo unavuma, na kituo chenye chumba cha upasuaji kiko mbali kwa maji. Mama mkwe alisema hawezi kumruhusu aende mpaka mwanawe arudi, naye mwanawe yuko ziwani na karabai akivua. Msichana mwenyewe alikuwa anarudia neno moja, hapasuliwi. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba mgonjwa amekataa rufaa, akamaliza. Sista aliketi kitandani, akamuuliza anaogopa nini hasa. Kumbe hakuogopa kisu. Binamu yake alipasuliwa huko mjini, hakuna aliyemweleza amefanyiwa nini, na boti iliyompeleka iligeuza ikamwacha bila ndugu. Msichana alikuwa anaogopa kuachwa.

Sista akamwambia mama mkwe, "Mama, huyu anakubali kwenda kama wewe unakwenda naye. Mwanao akirudi ataambiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Tukimsubiri atakuta jambo jingine." Mama mkwe alinyamaza, kisha akaanza kufunga mzigo.

Palibaki simu. Daktari wa zamu upande wa pili alisema wasubiri mapambazuko, ziwa limechafuka. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Watu hufa ziwani. Lakini Sista alikuwa ameshazungumza na mwenye boti, mtu aliyelelewa na ziwa lile, naye alikuwa amesema upepo unalala na kwamba akikaa karibu na ufuo atafika. Akamsomea daktari chati. Saa ngapi, sentimita ngapi, moyo wa mtoto mapigo mangapi sasa na mangapi saa moja iliyopita. Akasema mgonjwa ameridhia, ndugu ameridhia, boti iko ufukweni. Kisha akasema, kwa adabu: "Daktari, naomba unitajie jina lako kamili niandike kwamba umeelekeza tusubiri. Au utuambie tuje."

Simu ilinyamaza. Halafu sauti ikasema, "Njooni."

Walifika mama na mtoto wakiwa wazima. Mtoto huyo sasa anasoma chekechea na Sista humwita mume wangu.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu watu tukisikia muuguzi anamtetea mgonjwa, tunafikiria ukali, mtu aliyejishika kiuno mbele ya daktari. Usiku ule kazi yenyewe ilikuwa kuuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyeliuliza, kusubiri jibu, kisha kulibeba jibu hilo kwa watu wawili wenye nguvu kuliko mgonjwa, mmoja kwa heshima ya ukoo na mmoja kwa cheo. Ukali hakuutumia popote. Alitumia chati, Kiha na saa za usiku alizokesha.

Kisa cha pili, cha alipokuwa kwenye kituo chenye chumba cha upasuaji, alikisimulia kwa ufupi zaidi, lakini kwangu kilikuwa kizito zaidi. Mama wa watoto wengi alikuwa anaandaliwa kupasuliwa. Ndugu na mtaalamu walikuwa wameafikiana kwamba akishafunguliwa tumbo, afungwe kizazi hapo hapo. Nia yao ilikuwa njema: mimba nyingine ingeweza kumuua. Fomu ya ridhaa ililetwa na mume, kidole cha mke kimeshapakwa wino. Sista aliomba wote watoke kidogo ampime mgonjwa presha. Akampima kweli. Akamuuliza, "Mama, umeambiwa utafungwa kizazi. Wewe unasemaje?" Yule mama alisema hajaambiwa. Alisema hataki kuzaa tena, lakini anataka kitanzi, na anataka kuamua akiwa amepona, siyo sasa akiwa anatetemeka. Sista aliandika maneno hayo kwenye faili kama yalivyosemwa, akaweka saa na sahihi yake, akalipeleka faili kwa mpasuaji mkononi. Mpasuaji alisoma, akakata ule mstari wa kufunga kizazi.

"Hakukasirika?" niliuliza.

"Alikasirika. Siku mbili hakunisalimu. Halafu akaanza kuwauliza wagonjwa mwenyewe."

Tanzania ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Baraza linalowasajili wauguzi na kusimamia maadili yao. Muuguzi akimdhulumu mgonjwa, kuna pa kumpeleka. Kinachonisumbua ni upande mwingine. Muuguzi anayesema "daktari, mgonjwa hajakubali" hujikuta anaitwa mkaidi, hupangiwa zamu mbaya, husengenywa kwenye chai ya saa nne, na wenzake wachanga huona na kujifunza kunyamaza. Naamini ukimya huo umeua wanawake. Nchi yetu imesonga mbele sana: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Wanawake ambao bado wako hatarini hawatafikiwa kwa majengo peke yake. Baadhi yao wako ndani ya jengo tayari, wamelala kitandani, na mtu anayejua wanachokitaka anaogopa kufungua mdomo.

Nilidhani, nikiwa kwenye treni, kwamba ndugu kuingia leba ni suala la faraja. Kituoni nililiona tofauti. Wauguzi wengi wa mwambao hutoka mbali, Mbeya, Kilimanjaro, Iringa. Kiha hawakijui, Kirundi hawakijui, na mwanamke mwenye uchungu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Yule aliye kwenye stuli ndiye anayetafsiri. Ndiye anayekumbuka kwamba mgonjwa alitoka damu juzi na hakusema. Ndiye anayeita usiku muuguzi akiwa kitanda cha pili. Na mbele yake ni vigumu kumpiga mzazi kibao au kumtukana, mambo ambayo wanawake wetu wameyavumilia kwa miaka mingi na tunayajua sote. Muuguzi mzuri hupata msaidizi. Aliyechoka akakosa subira hupata macho yanayomtazama. Wapo wauguzi waliopinga mwanzoni, Sista alikiri, yeye akiwa mmojawao. Waliona ndugu watajaza chumba na kuleta dawa za kienyeji chini ya khanga. Wengine walizileta kweli. "Lakini akiwa ndani naiona," alisema. "Akiwa nje anampa mapema, kabla hajafika kwangu."

Niliporudi Kibirizi kwa boti ya alfajiri, Sista alinisindikiza mpaka majini na akanipa ujumbe wa kuandika, akausema mara mbili nisiusahau. Usiku wa yule msichana, ilimbidi apande boti mwenyewe kumsindikiza, kwa sababu mgonjwa wa namna ile hapelekwi bila mkunga. Kituoni akabaki mhudumu wa afya peke yake, na wodini mlikuwa na mama wawili waliojifungua jioni ile. Mmoja wao alianza kutoka damu saa tisa usiku, na aliokolewa kwa sababu muuguzi mstaafu anaishi nyumba ya tatu kutoka kituoni. Sista anataka zamu ya usiku ya kila kituo cha mwambao iwe na wauguzi wawili, ili anayeamua kumpeleka mgonjwa asiwe anaamua pia kuwaacha wengine. Na anataka petroli ya boti iandikwe kwenye bajeti ya kituo kwa jina lake, lita kwa lita. Ameshaiandikia halmashauri. Nakala ya barua iko kwenye droo ya meza yake, na alisema mwezi ujao ataandika nyingine.